Ruzuku ya Mhitaji: Pengo Ambalo Mkopo wa Elimu ya Juu Hauzibi Chini ya Mlima Meru

Serikali au jumuiya inayotaka kumsaidia kijana kulipia masomo ya chuo ina njia nne za kufanya hivyo, na kila njia ina falsafa yake. Inaweza kufuta ada kwa wote bila kuuliza nani anajiweza na nani hajiwezi. Inaweza kutoa tuzo ya ufaulu, ambayo kwa mazoea huitwa skolashipu na humwendea aliyewashinda wenzake katika mtihani. Inaweza kutoa mkopo, yaani fedha inayotolewa leo kwa ahadi kwamba mhitimu atairejesha atakapoanza kupata kipato. Na inaweza kutoa ruzuku ya uhitaji, yaani fedha isiyorejeshwa, ambayo mwanafunzi hupewa kwa sababu moja tu, kwamba familia yake haiwezi kumlipia. Tanzania imezitumia njia tatu za mwanzo kwa nyakati tofauti na kwa bidii ya kweli. Ya nne imebaki mikononi mwa makanisa, misikiti, mashirika na wafadhili binafsi, nayo ndiyo ambayo mtoto wa kaya maskini anaihitaji kuliko zote.

Arusha na vitongoji vya Mlima Meru ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili, kwa kuwa hapa vyuo na ufukara vinakaa jirani. Kando ya barabara kuu iendayo Moshi, katika mwendo usiozidi kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, kuna Tengeru yenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa mwaka 2012, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Kuna Makumira, ambako seminari ya Kilutheri iliyofunguliwa hapo katika miaka ya 1950 imekua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Na kuna Usa River, kilipo Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato. Ndani ya jiji kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, na kule Njiro kuna Chuo cha Uhasibu Arusha, huku Chuo cha Misitu kikiwa Olmotonyi, upande wa magharibi wa mlima. Kwa kijana wa Ngarenanyuki, Kikatiti au Oldonyosambu, umbali si kikwazo tena. Kikwazo ni fedha, na hasa fedha za miezi ya mwanzo.

Ugumu wa hatua hiyo unaeleweka vizuri zaidi unapotazamwa kutoka chini kwenda juu. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 utaratibu huo ulipanuliwa hadi kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo mtoto anaweza kupanda ngazi nzima ya shule bila mzazi wake kudaiwa ada, ijapokuwa sare, madaftari, nauli na michango ya chakula havikukoma kuitesa kaya isiyo na kitu. Kisha, katika muda wa miezi michache baada ya mtihani wa mwisho, kijana yuleyule hujikuta mbele ya chuo kinachotaka ada, malipo ya usajili, bima ya afya, kodi ya chumba na fedha ya chakula, vyote kwa pamoja na kabla ya kipindi cha kwanza cha darasa. Taifa limemfikisha mlangoni kwa gharama yake, jambo la kusifiwa kwa dhati, na mlangoni hapo limemwachia mkopo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya kwanza ya uhuru mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa, akalishwa na kulazwa kwa kodi ya wakulima, na swali la deni lake kwa jamii lilikuwa swali la siasa kabla ya kuwa swali la hesabu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kuwataka walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa na kwa miezi 18 kupokea asilimia 40 tu ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, likifuatiwa na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba msomi analipa kwa utumishi. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, hoja hiyo ikabadilika, na kuanzia mwaka 1992 ukaingizwa kwa awamu utaratibu wa kuchangia gharama, ambao maana yake ni kwamba mwanafunzi na mzazi wanabeba sehemu ya mzigo uliokuwa wa Serikali: kwanza nauli na malipo madogo madogo, kisha chakula na malazi kwa njia ya mkopo, na hatimaye ada yenyewe.

Chombo cha kusimamia hatua hiyo ya mwisho ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Bajeti yake imekua kwa kasi, ikipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 570 mwaka uliofuata, na kuzidi hapo katika miaka iliyofuata. Posho ya chakula na malazi, ile ambayo kila mwanafunzi huiita bumu, iliongezwa mwaka 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka hata kwa mhitimu asiye na ajira, ilifutwa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya ucheleweshaji. Maelfu ya walimu, madaktari na wahandisi wanaofanya kazi leo wasingekuwapo bila Bodi hii, na makala yoyote inayoudai mfumo huu jambo zaidi haina budi kulikiri hilo kwanza.

Msingi wa mkopo huo, kwa mujibu wa sheria yenyewe, ni uhitaji. Kwa sababu fedha haziwatoshi waombaji wote, Bodi hufanya upimaji wa uhitaji, yaani hukadiria uwezo wa familia kwa kutumia taarifa na vielelezo ambavyo mwombaji hupandisha kwenye mfumo wa intaneti, na kutokana na makadirio hayo hupanga asilimia ya kila kipengele atakachopewa. Yatima huambatisha cheti cha kifo cha mzazi, mwenye ulemavu huambatisha uthibitisho wa daktari, na aliyetoka katika kaya iliyo chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) huonyesha namba ya kaya. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, fomu husainiwa na uongozi wa kijiji au mtaa, na mwombaji hula kiapo mbele ya wakili au hakimu na huhitaji mdhamini. Maombi yenyewe yamekuwa na ada ya shilingi 30,000 isiyorudishwa, na kwa kuwa kompyuta haipo nyumbani, kazi hufanyika steshenari, ambako kila ukurasa unaochapwa na kila kielelezo kinachoskaniwa kina bei. Kijana asiye na kitu hulipia kwanza nafasi ya kuthibitisha kwamba hana kitu.

Lakini gharama hiyo si tatizo kubwa kuliko lile la kipimo chenyewe. Umaskini wa miteremko ya Meru hauingii kirahisi katika visanduku vya fomu. Familia ya Kimeru yenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa linalorithiwa kwa ukoo, kwenye karatasi ni familia yenye ardhi. Kwa kweli kihamba hicho kimegawanywa kwa vizazi vitatu au vinne hadi kimebaki vipande ambavyo mavuno yake hayalipi hata dawa ya kunyunyizia mibuni. Mzee wa Kiarusha mwenye ng'ombe kumi huonekana ana mali, ingawa ng'ombe hao ni chakula, ni akiba na ni mahari ya vijana wa boma zima, na ukame mmoja upande wa tambarare huweza kuwamaliza kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Katika boma la wake wawili au watatu haielezeki kwa urahisi kipato cha baba kigawanywe kwa watoto wangapi, wala mama mwenye nyumba yake ahesabiwe kuwa kaya inayojitegemea au la. Mkulima wa nyanya au vitunguu wa Ngarenanyuki anaweza kuuza vizuri msimu mmoja na kuzika mtaji wake msimu unaofuata, na fomu haimuulizi ni msimu upi.

Upande wa jiji kuna kigeugeu kingine, nacho ni utalii. Mwongoza watalii, dereva, mpagazi na mpishi wa safari hupata fedha nyingi kwa miezi kadhaa na kidogo sana katika miezi ya mvua, wala hawana hati ya mshahara inayoonyesha wastani wa mwaka. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga viwanja vya ndege vya dunia mwaka 2020, kaya zilizokuwa zikijiweza mwezi Februari hazikujiweza mwezi Aprili, na mwanafunzi aliyekuwa tayari chuoni bila mkopo, kwa sababu mzazi wake alihesabiwa kuwa na uwezo, hakuwa na mahali pepesi pa kukimbilia. Upimaji unaofanyika mara moja, kabla ya mwaka wa kwanza, hupima siku moja ya maisha ya familia na kuyaamulia maisha ya miaka mitatu au minne.

Hata pale upimaji unapokuwa sahihi, asilimia zina hesabu yake ngumu. Mwanafunzi anayepewa asilimia 60 ya ada hana budi kuitafuta asilimia 40 mwenyewe, na chuo hakiangalii sababu: asiyekamilisha malipo huweza kuzuiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani, na asiyefanya mtihani huahirisha mwaka. Katika mazingira haya, kiasi kinachomrudisha kijana nyumbani mara nyingi si kikubwa. Ni bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwanafunzi. Ni kodi ya chumba ya miezi mitatu au sita ambayo wenye nyumba wa Njiro huitaka kwa mkupuo. Ni chakula cha wiki ambazo bumu limechelewa kuingia kwenye akaunti. Mkopo umebuniwa kwa ajili ya gharama kubwa na za muda mrefu, nao hauna wepesi wa kuziba pengo dogo la ghafla, ambalo ndilo linalowaondoa wanyonge darasani. Ruzuku ndogo, inayotolewa kwa haraka na bila kudaiwa baadaye, ndicho chombo kinacholingana na tatizo hili.

Liko pia suala la haki katika urejeshaji. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika hadi deni liishe. Aliyetoka katika familia yenye uwezo hakukopa, kwa hiyo huanza kazi akiwa na mshahara kamili. Aliyetoka katika kaya maskini zaidi alipewa asilimia kubwa zaidi, kwa hiyo ndiye mwenye deni kubwa zaidi, na mara nyingi ndiye mwenye wadogo wanaomtazama kwa ada na wazazi wanaomtegemea kwa dawa. Mfumo unaomtoza zaidi yule aliyethibitisha kwa viapo na vyeti kwamba ni fukara unahitaji kutazamwa upya kwa moyo mweupe, bila kusahau kwamba marejesho hayo ndiyo yanayowasomesha wanaofuata.

Serikali yenyewe imeonyesha kwamba fedha isiyorejeshwa inawezekana. Mwaka 2022/23 ilianzishwa Samia Skolashipu, ikitengewa shilingi bilioni 3 kwa ajili ya wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu kwa kiwango cha juu katika masomo ya sayansi, na anayeipata husomeshwa bila deni. Ni hatua njema, ila ni tuzo ya ufaulu, na ufaulu wa juu katika fizikia na kemia unategemea sana maabara, walimu na utulivu wa nyumbani, vitu ambavyo havikugawanywa sawa kati ya shule ya bweni yenye jina na sekondari ya kata iliyo juu ya mlima. Mwaka 2023/24 mikopo ilifunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, jambo lililokuwa likisubiriwa kwa hamu katika mkoa wenye vyuo vingi vya ufundi, ingawa wa astashahada, ambao wengi wao hutoka katika kaya duni zaidi, hawakuguswa na hatua hiyo.

Nje ya Tanzania njia ya nne imejaribiwa kwa ukubwa. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1972 iliunda ruzuku ya serikali kuu ambayo mwaka 1980 ilipewa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Hutolewa kwa kuangalia kipato cha familia, hairejeshwi, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Kenya, jirani wa karibu kabisa kwa mtu anayeishi Arusha, ilianzisha mwaka 2023 mfumo unaomweka kila mwanafunzi katika daraja la uhitaji: katika mpangilio wa madaraja matano, mwanafunzi wa daraja la chini kabisa alipangiwa ruzuku ya asilimia 70, mkopo wa asilimia 25 na mchango wa familia wa asilimia 5, huku wa daraja la juu kabisa akipangiwa ruzuku ya asilimia 30, mkopo wa asilimia 30 na mchango wa asilimia 40. Wazo lilikuwa la haki, lakini wazazi na wanafunzi walilalamika kwamba watoto wa maskini wamewekwa katika madaraja ya wenye nacho, kesi ikafunguliwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba. Kwa Tanzania funzo la Nairobi liko katika kipimo: ruzuku haina maana ikiwa anayepima hajaiona nyumba.

Na kuiona nyumba ndiko kunakofanywa, kwa miaka mingi sasa, mwendo mfupi kutoka katikati ya Arusha. Shule ya Mtakatifu Yuda, maarufu kwa jina la St Jude, iliyoanzishwa Moshono mwaka 2002 na mwalimu kutoka Australia, Gemma Sisia, husomesha bure watoto wenye uwezo wa kimasomo waliotoka katika familia maskini, na kabla ya kumkubali mtoto watumishi wake hufika kwao kuangalia kuta, paa, idadi ya vyumba na idadi ya wanaolala humo. Wahitimu wake wa kidato cha sita hujitolea kwa muda, wengi wakifundisha katika shule za Serikali zenye upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati, kisha hugharimiwa masomo ya chuo. Utaratibu huo unaunganisha mambo mawili ambayo nchi iliyatenganisha, yaani ruzuku kwa mhitaji na utumishi kwa jamii iliyomlea, na kwa namna yake uko karibu na hoja ya mwaka 1967 kuliko makato yoyote ya mshahara. Udhaifu wake ni kwamba unategemea wafadhili wa ng'ambo na unawafikia wachache. Isitoshe, kijana aliyesomeshwa na mfadhili katika shule ya binafsi anapoomba mkopo wa Serikali hulazimika kuthibitisha kwamba ada ile haikutoka mfukoni mwa baba yake.

Kwa hiyo swali linalobaki ni la mahali: nani, katika Arusha yenyewe, anaweza kuiona nyumba na pia kutoa fedha? Wilaya za mlima huu zina historia inayotia moyo. Wameru walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki, mwaka 1951 ili ardhi hiyo wapewe walowezi, walichanga fedha zao wenyewe, kahawa ikiwa ndilo zao lao la biashara, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, ambako mwaka 1952 alizungumza mbele ya chombo cha Umoja wa Mataifa kwa niaba ya watu wake. Jamii iliyoweza kumsafirisha mtu mmoja hadi upande wa pili wa dunia kwa ajili ya ardhi ya wote inao uzoefu wa kuchanga kwa ajili ya mtu mmoja kwa faida ya wengi. Leo harambee za makanisa, vikoba na michango ya harusi zinaonyesha kwamba fedha na utaratibu wa kuikusanya bado vipo. Kinachokosekana ni mfuko wa kudumu wenye kanuni, ambao halmashauri, vyuo, ushirika wa kahawa na wahitimu wanaofanya kazi wangeweza kuuchangia kila mwaka.

Mfuko wa namna hiyo una hatari zake, na ya kwanza ni upendeleo, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji anayeijua nyumba ya kila mtu anazijua pia nyumba za ndugu zake. Kinga yake ni kuwahusisha watu wa aina mbalimbali katika ukaguzi: mwalimu wa shule aliyosoma kijana, mtendaji, kiongozi wa dini na mkaguzi asiyetoka kijijini hapo, kila mmoja akiandika alichokiona. Hatari ya pili ni fedheha. Orodha za wahitaji zikisomwa hadharani humlinda mwenye haki dhidi ya hila, lakini pia humvua nguo kijana ambaye hajawahi kuwaambia wenzake kwamba nyumbani kwao wanakula mlo mmoja. Heshima yake inastahili kulindwa kwa uzito uleule wa kulinda fedha. Idadi na vigezo vinaweza kutangazwa, na majina yakabaki kwa wakaguzi.

Hata hivyo, jambo lenye uzito kuliko yote ni wakati. Kwa kawaida majibu ya mkopo hutoka mwombaji akiwa amekwisha kuchagua kozi na chuo, mara nyingine vyuo vikiwa karibu kufunguliwa, na orodha hutoka kwa awamu huku waliokosa wakikata rufaa na kusubiri. Katika kungoja huko mzazi hukopa, huuza mbuzi au kipande cha kihamba, au humwambia binti asubiri mwaka mmoja ambao mara nyingi huwa wa ndoa. Ruzuku inaweza kuamuliwa mapema zaidi, mwanafunzi akiwa bado kidato cha tano, kwa kuwa nyumba yake haitabadilika sana kati ya hapo na mtihani, na ikibadilika mkaguzi yupo karibu na anaweza kurudi kuitazama. Binti wa Ngarenanyuki mwenye barua ya ruzuku mkononi angeweza kuchagua sheria, lugha au uhasibu kwa sababu ana kipaji navyo, badala ya kujaza kozi ambayo hakuipenda kwa sababu tu iko katika kundi la kwanza la kozi ambazo Bodi huzipa kipaumbele katika mkopo.